Hukumu pasipo Shahidi: Historia ya Jina Moja katika Kasai na Katanga



Siku moja, katika parokia ambayo tulikuwa tukisaidia, wazee wa baraza walikutanika kumchagua mtunza feza. Jina la mtu mmoja lilitajwa kwanza. Alikuwa mkristu wa ndoa, baba wa watoto sita, na kwa miaka mingi alishika kitabu cha hesabu cha mtaa wake pasipo kupoteza hata franka moja. Hapo mzee mmoja akakohoa, akasema kwa sauti ya upole: "Yeye ni mutu mwema, hatukatai. Lakini ni Muluba wa Kasai. Munajua Baluba na feza." Watu wakacheka kidogo. Hakuna aliyemwuliza mzee ushuhuda. Jina lingine likaandikwa. Na sisi, tuliokaa mbele ya meza kama padri wao, tukanyamaza. Tulifunga mkutano kwa Salamu Maria, tukaenda kulala.

Hatukulala vema. Neno lile la mzee hakulitunga mwenyewe. Alilisikia kwa baba yake, na baba yake alilisikia kwa mwingine. Neno la namna hii lina umri kama vile mtu: lina siku ya kuzaliwa, lina wazazi, lina mahali lilipolelewa. Tumeona ya kwamba ni vema kutafuta ukoo wake. Mganga hatoi dawa mbele ya kujua ugonjwa umetoka wapi. Basi, katika kurasa hizi tutafuata njia ya neno moja, toka mto Lulua mpaka miji ya shaba, kusudi tuone hukumu juu ya kabila inavyozaliwa, inavyokua, na inavyoua.

I. Hukumu ya mbele ni kitu gani?

Walimu wetu wa teolojia ya maadili wanatufundisha juu ya hukumu ya haraka, yaani iudicium temerarium. Ni kumhukumu mwenzetu katika moyo kuwa mbaya, pasipo sababu ya kutosha. Ni zambi juu ya haki, maana jina jema la mtu ni mali yake. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anatoa vyanzo vitatu vya mashaka ya namna hii. Cha kwanza: mtu mwenyewe ni mwovu, na kwa hiyo anaona uovu wake kwa wengine. Cha pili: anamchukia mwenzake au anamwonea wivu. Cha tatu: ameishi siku nyingi na ameona mengi, na kwa hiyo, Tomaso anasema akimfuata Aristoteli, wazee wana mashaka kupita vijana.

Mzee wetu wa baraza hakuwa mwovu, na hakuwa na wivu. Alizani anasema kwa sababu ameona mengi. Basi swali letu ni hili: je, neno lile limetoka kweli katika kuona mengi? Ao limetoka mahali pengine?

Lakini mbele ya kwenda Kasai, tujitazame sisi wenyewe.

II. Sisi sote tulihukumiwa

Mwanzoni mwa misioni, wazungu wengi walizani ya kwamba mtu mweusi hawezi kuwa padri. Na katika hao, wengine walikuwa watu wa Eklezya. Walisema: hatajua Kilatini wala filosofia, hatashika useja. Walisahau ya kuwa katika ufalme wa Kongo wa zamani, Baba Mtakatifu Leo X alimteua Henrique, mwana wa mfalme Afonso, kuwa askofu tangu mwaka 1518.

Kijana Stefano Kaoze, Mutabwa wa upande wa ziwa Tanganyika, alisoma miaka zaidi ya kumi na mitano mbele ya kupata daraja la upadri. Angali mwanafunzi, aliandika juu ya akili na desturi za watu wetu, na maandiko yake yakachapwa katika gazeti la Wabelgiji. Tarehe 21 Julai 1917, Monsenyeri Victor Roelens wa Mapadri Weupe alimpa upadri kule Baudouinville, mahali panapoitwa leo Kirungu, karibu na Moba. Alikuwa padri wa kwanza wa Congo ya wakati ule.

Tuangalie vizuri. Wale waliosema "mweusi hawezi" hawakusema uwongo juu ya kitu walichokiona. Kweli, hawakuona padri mweusi hata mmoja. Lakini hawakumwona kwa sababu hapakuwa na seminari. Walikuta kazi ambayo haijafanywa, wakaiita tabia ya damu. Tushike neno hili, maana tutalikuta tena mara nyingi.

III. Kioo kilichogeuzwa: Kasai

Mwaka 1881, wasafiri wawili Wajerumani, Paul Pogge na Hermann Wissmann, walifika kwenye mto Lulua. Walipokelewa na chifu Kalamba Mukenge. Watu wa Kalamba walikuwa wamejiunga katika udugu mpya wa kuvuta bangi. Walijiita Bena Diamba, maana yake watu wa bangi, na inchi yao waliiita Lubuku, yaani urafiki. Wageni wale waliwasifu sana: walisema ni watu wa biashara, wenye kupenda mambo mapya, wenye kufaa kusafiri nao. Mwaka 1884 Wissmann akajenga boma la Luluabourg karibu nao.

Wakati ule Baluba, waliokaa upande wa mashariki, walikuwa katika taabu kubwa. Wakubwa wenye bunduki, kama Ngongo Lutete, Lumpungu na Mpania Mutombo, waliteka vijiji vyao na kuwauza watu. Wengi walikuwa watumwa katika nyumba za wengine, hata kwa watu wa Lulua. Wengine walikimbia kwa magaribi wakitafuta mahali pa kujificha. Basi, kama mtu angewauliza wasafiri wale mwaka 1885, "Kabila gani hapa lina akili na maendeleo?", wangejibu pasipo kusita: "Ni Bena Lulua." Na Muluba je? Jina lile lilikuwa karibu kama jina la mtumwa na la mkimbizi.

Mwaka 1891 Padri Emeri Cambier wa Scheut alianzisha misioni ya Mikalayi. Mwaka uleule, Waprotestanti wa Marekani walianza kazi yao kule Luebo. Mapadri walikomboa watumwa, walipokea yatima, walijenga vijiji vya wakristu. Nani walikuja kukaa humo? Si mtu mwenye shamba, nyumba na chifu wake. Mtu wa namna ile alikuwa na sababu gani ya kuhama? Walikuja wale wasio na kitu, na wengi wao walikuwa Baluba. Tena, Kalamba na Leta walifarakana, na watu wake wengi wakakaa mbali na boma, mbali na masomo vilevile. Ndivyo watoto wa wakimbizi walivyojua kusoma na kuandika mbele ya watoto wa wenyeji.

Halafu ikaja njia ya gari la moshi. Mwaka 1928 ilimalizika toka Bukama mpaka Port-Francqui, leo Ilebo. Kompani ilihitaji makarani, wapima mizigo, wafundi, wakubwa wa vituo. Ilichukua watu wenye kujua kuandika. Baluba wakajaa kandokando ya njia ile, wakalima mashamba, wakajenga hata katika inchi ya Bena Lulua.

Hapo wazungu wakageuza maneno yao. Katika maofisi na katika misioni kukasemwa: Muluba ana akili, anapenda kazi, anasonga mbele, Mulula ni mvivu, anapenda mambo ya zamani tu. Ilipita miaka isiyofika hata 60 tangu Wissmann. Damu ya watu haigeuki katika miaka 60. Luga ilikuwa ileile ya Tshiluba, ambayo Monsenyeri Auguste De Clercq aliiandikia sarufi. Hata hadisi za chanzo chao zinakaribiana kama za ndugu. Kilichogeuka si watu. Kiligeuka kitu kimoja tu: nani alikaa karibu na masomo, na nani alikaa mbali.

Lakini watu hawakuona hivyo. Baluba wengi walipenda sifa ile, wakaivaa kama medali. Wengine walianza kuzarau wenyeji waliowapokea. Tuseme kweli: zarau ile ilikuwa zambi, na ilizaa uchungu. Bena Lulua waliona watoto wa wageni wakikaa kwenye viti vyote, na wao wakiitwa wavivu katika inchi ya babu zao. Mwaka 1952 wakaanzisha chama chao, Lulua-Frères, kusudi wasaidiane na kuinua watoto wao. Katika kura za mji wa Luluabourg za mwaka 1958, Baluba walipata viti vingi. Halafu likaja shauri la mashamba: mzaliwa wa Kasai ya mashariki, je, ana haki ya kulima katika inchi ya chifu wa Lulua, na kwa masharti gani? Shauri lile lilikuwa la kweli, na watu wenye busara wangeweza kulikata. Lakini lilikuta mioyo imekwisha kujaa majina.

Tarehe 11 Oktoba 1959 vita vilianza katika mji wa Luluabourg. Nyumba zilichomwa, watu waliuawa pande zote mbili. Katika mwezi wa Januari 1960 wakubwa walipatana kwenye ziwa Mukamba, lakini mapatano hayakuzuia kuhama. Mamia ya maelfu ya Baluba walirudi mashariki, kwa upande wa Bakwanga, unaoitwa leo Mbujimayi. Wengi hawakukuta nyumba wala shamba. Mwisho wa mwaka 1960 na mwanzo wa 1961 njaa ikaua watu wengi, zaidi watoto wadogo. Na wale waliopigana, ndugu wapenzi, wengi walikuwa wamebatizwa na mapadri wamoja, walijua katekisimu kwa luga moja.

IV. Neno linasafiri: Katanga

Tuende sasa kusini. Kompani ya Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Gari la moshi toka kusini lilifika Elisabethville mwaka 1910, na mwaka 1911 shaba ya kwanza ikayeyushwa pale Lubumbashi. Wenyeji wa kusini ya Katanga walikuwa wachache, tena hawakupenda kuacha mashamba yao kwa kazi ya shimo. Kompani ikatafuta watu mbali: kwanza Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland, ambazo leo ni Zambia na Malawi, halafu Kasai, Lomami, na Ruanda-Urundi. Mwisho wa miaka ya 1920 kompani iligeuza desturi yake. Haikutaka tena mtu wa miezi sita anayekuja na kurudi. Ilitaka mfanyakazi aje na mke wake, apewe nyumba, watoto wazaliwe karibu na kazi na wasomeshwe katika masomo ya misioni.

Wakasai wengi walikuja kwa njia hii. Hawakuja kunyanganya, waliitwa, wakaandikwa, wakaletwa. Watoto wao walizaliwa Kipushi, Likasi na Kolwezi. Luga yao ya nyumbani ikawa Kiswahili hiki tunachokiandika. Lakini hapa tena ilikuwa kama kule Lulua: wale waliokwisha kusoma walipata kazi ya karani, na wenyeji waliochelewa walipata kazi ya nguvu. Neno likasafiri pamoja na watu katika gari la moshi: "Muluba ana akili." Na mwenye kusikia neno hilo kila siku, naye amekaa chini, ataliongeza mkia: "Ana akili ya kutudanganya."

Katika mwezi wa Desemba 1957 watu wa Elisabethville walipiga kura mara ya kwanza kwa komini zao. Wakubwa waafrika waliochaguliwa karibu wote hawakuwa wazaliwa wa Katanga. Wengi walitoka Kasai. Mwaka uliofuata, mwezi wa Oktoba 1958, ikaanzishwa Conakat, chama cha wale waliojiita Wakatanga wa kweli. Tarehe 11 Julai 1960 Katanga ikajitenga na Congo. Mwaka 1961 makumi ya maelfu ya watu, wengi wao Baluba, walikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa ndani ya Elisabethville. Walikaa katika mavumbi na mvua mpaka wengi wao waliposafirishwa kwenda Kasai na kaskazini ya Katanga mwaka 1962.

Hapa tuone upofu wa hukumu ya mbele. Katika kambi ile hapakuwa na Baluba wa Kasai tu. Palikuwa na Baluba wa Katanga pia, wazaliwa wa inchi, watu wa chama cha Balubakat cha Jason Sendwe. Chama kile kilikataa kujitenga kwa Katanga. Jina lilikuwa moja, na lilitosha kwa kumkimbiza mtu. Miaka 30 baadaye, jina lilelile halikumlinda mtu. Tutaona sasa.

Miaka ya 1980 Gécamines, iliyopokea kazi ya Union Minière, ilitoa tani zaidi ya 450,000 za shaba kwa mwaka mmoja. Mwaka 1990 shimo la Kamoto liliporomoka, na mwaka 1993 kompani ilitoa chini ya tani 50,000. Fikirini njaa iliyoingia katika nyumba. Wakati uleule, katika Konferansi ya Taifa iliyoongozwa na Monsenyeri Laurent Monsengwo, mwezi wa Agosti 1992, Étienne Tshisekedi wa Kasai alichaguliwa kuwa waziri wa kwanza pahali pa Nguz Karl-i-Bond wa Katanga. Watu walikuwa na njaa na hasira, na wakubwa wa siasa waliwaonyesha mwenye kosa: jirani yao.

Katika mikutano ya siasa na katika mitaa, Wakasai waliitwa bilulu, maana yake wadudu. Likasi ilianza kuwafukuza mwaka 1992, Kolwezi ikafuata mwaka 1993. Watu walitolewa katika nyumba zao, wakakaa miezi kwenye vituo vya gari la moshi, wakingoja magari yasiyokuja. Watoto na wazee walikufa pale kituoni na njiani. Mamia ya maelfu waliondoka. Wengi wao walikuwa hawajaona Kasai hata siku moja. Walifika Mwene-Ditu na Mbujimayi wakisema Kiswahili, na kule waliitwa Wakatanga. Na mkuu wa jimbo la Katanga wakati ule, Gabriel Kyungu wa Kumwanza, alikuwa Muluba: Muluba wa Katanga. Kama damu ingekuwa sababu ya mambo haya, jambo hili lisingewezekana.

V. Mambo matatu ambayo historia inatufundisha

La kwanza. Hukumu ya mbele inachukua matunda ya mahali na wakati, inayaita tabia. Mkimbizi anafanya kazi kwa nguvu kwa sababu hana shamba, watu wanasema: "Kabila lao linapenda kazi." Mwenyeji hatafuti kazi ya kompani kwa sababu ana shamba, watu wanasema: "Kabila lao ni wavivu." Na wazungu hawakumwona padri mweusi kwa sababu hapakuwa na seminari.

La pili. Sifa pia ni mbegu ya chuki. Sisi tunajiangalia tusitukane makabila, lakini tunasifu pasipo woga: hawa wana akili, hawa ni waimbaji, hawa ni waaminifu, hawa wanafaa kulima. Mwenye kusifu kabila moja amekwisha kuzarau lingine. Neno "mwerevu" na neno "mwizi" katika historia hii ni mama na mtoto.

La tatu. Neno la kuchekesha linaweza kufungua njia kwa neno la kuua. Toka "munajua Baluba na feza" mpaka "bilulu" kuna mwendo, lakini njia ni moja. Kila mtu alipiga hatua moja tu, tena huku akicheka. Mtu akikwisha kuitwa mdudu, mwenye kumkanyaga anazani hana zambi.

VI. Maneno ya kujibu

Fratri mmoja atasema: "Padri, lakini sisi tumeona. Mkubwa wa kazi Mukasai aliweka ndugu zake tu." Tunajibu: hatukatai. Umeona mtu mmoja, ao watu watatu. Ushuhuda juu ya watu watatu ni ushuhuda juu ya watatu. Hakuna aliyeona kabila kwa macho yake. Mtakatifu Tomaso anakubali kwamba kuona mengi kunaweza kutufikisha karibu na hakika; lakini kuona mengi ni kumwona mtu huyu na matendo yake, si kusikia jina la babu yake. Tena jiulize: wakubwa wa kazi wa kabila lako, je, wao waliweka nani?

Mwingine atasema: "Je, wenyeji hawakuwa na haki ya kulalamika?" Walikuwa nayo. Bena Lulua walikuwa na haki ya kuuliza juu ya mashamba yao, na Wakatanga juu ya kazi katika inchi yao. Haki ile ndiyo iliyopotea kwanza. Maana shauri la shamba linakatwa kwa mipaka na masharti. Shauri la kazi linakatwa kwa masomo. Lakini mtu akisema "hawa ni wabaya kwa damu," hakuna shauri la kukata tena, inabaki kufukuza tu. Zaidi ya miaka 30 imepita tangu wale walipofukuzwa, na aliyekuwa na njaa hakushiba kwa sababu yao.

Wa tatu, mwenye kusoma Maandiko, atasema: "Hata Mtume Paulo, katika barua kwa Tito, ametaja neno baya juu ya Wakreta, akalikubali." Ni kweli. Lakini someni barua nzima. Paulo alilitaja kwa kuwakaripia walimu wa uwongo, kusudi wapone katika imani. Na katika sura ileile alimwagiza Tito aweke wazee wa Eklezya katika kila mji wa Kreta. Awatoe wapi? Katika Wakreta walewale. Neno la watu halikumfungia Mkreta mlango wa utumishi. Alitaka waulizwe juu ya maisha yao: ndoa yao, watoto wao, mikono yao katika feza.

VII. Dawa

Katika Matendo ya Mitume, sura ya sita, tunaona Eklezya changa yenye shida kama yetu. Wakristu wenye kusema Kigiriki walinungunika juu ya Waebrania, kwa sababu wajane wao walisahauliwa katika kugawa chakula. Mitume wangeweza kusema: "Hawa wageni, desturi yao ni kunungunika." Hawakusema hivyo. Walisikiliza neno lenyewe, wakaona lina shida ya kweli, wakaagiza wachaguliwe watu saba wenye sifa njema. Na majina ya wale saba yote ni ya Kigiriki. Feza na chakula cha wote viliwekwa katika mikono ya watu wenye jina la walionungunika. Hakuna dawa nyingine bora kupita hiyo.

Kwa ninyi wakatekista: mtu akisema "kabila fulani ni hivi," mwulizeni kwa upole: "Baba, shahidi wako ni nani? Jina lake? Siku gani?" Kwa ninyi wafratri: msikae mezani na watu wa luga yenu tu, na maneno ya kuchekesha juu ya wenzenu myaache sasa, maana mtakayocheka leo mtayahubiri kesho pasipo kujua. Kwa sisi mapadri: tusinyamaze. Kondoo wanajua maana ya kunyamaza kwa mchungaji, wanazani amekubali.

Tuwakumbuke wale vijana wa seminari ndogo ya Buta, katika Burundi. Tarehe 30 Aprili 1997, mapema asubuhi, watu wenye silaha waliingia katika nyumba yao ya kulala, wakawaamuru wajitenge, Wahutu upande mmoja, Watutsi upande mwingine. Walikataa kutengana. Vijana 40 waliuawa. Walikuwa wanafunzi kama ninyi, wenye umri wenu ao chini yake. Hawakuanza kujifunza udugu asubuhi ile. Walijifunza mbele yake, mezani, uwanjani na katika sala.

Tumalizie pale tulipoanzia. Mwaka uliofuata, baraza lilipokutana tena, tulimwomba mzee wetu abaki nyuma kidogo. Tulimwuliza: "Baba, siku ile ulisema juu ya Baluba na feza. Ni nani uliyemwona?" Alinyamaza muda mrefu. Halafu akasimulia ya kwamba zamani, kwenye kazi, baba yake alingojea cheo miaka minane, na mkubwa mmoja Mukasai akakitoa kwa shemeji yake. Baba yake alikufa na uchungu ule. Tulimwambia pole, maana uchungu wake ni wa kweli. Halafu tukamwuliza: "Mkubwa yule na huyu wetu, ni ndugu?" Akasema: "Hapana, Padri. Huyu alikuwa hajazaliwa." Na yeye mwenyewe ndiye aliyesema jina lile mbele ya baraza.

Tukaenda nyumbani kwa mtu yule kumpelekea habari. Alitupokea vizuri, alitupa kiti. Alishukuru, lakini alikataa. Alisema: "Padri, munitafutie kazi ingine. Nitafagia kanisa, nitabeba msalaba. Lakini kitabu cha feza, hapana. Sitaki watoto wangu waone watu wanahesabu mara ya pili nyuma yangu." Hatukuwa na neno la kumjibu. Tulikuwa tumechelewa mwaka mmoja.

Ndugu wapenzi, tusichelewe tena. Mungu atusamehe kunyamaza kwetu, na Bikira Maria, mama wa watu wote, atuombee.